Kadi "Inaoana" na Nini? Uhakiki wa Istilahi za Vifaa vya Mtandao Bila Waya

1. Utangulizi

Ubora wa istilahi hujulikana siku mtu anapoitegemea kufanya uamuzi unaomgharimu fedha. Istilahi yaweza kupendeza masikioni na kufuata kanuni zote za unyambuaji, lakini ikamwacha msomaji gizani mara aingiapo dukani. Katika makala haya tunakusudia kuhakiki istilahi chache zitumikazo sasa katika taaluma ya kompyuta kwa kuzipitisha katika jaribio moja. Swali letu ni hili: je, mtu anayesoma Kiswahili peke yake aweza kuongozwa na istilahi hizo akachagua kadi ya mtandao bila waya itakayofanya kazi katika mfumo endeshi wenye watumiaji wachache?

Huenda msomaji akauliza kwa nini tumechagua mfumo wenye watumiaji wachache badala ya ule unaotumika katika kila ofisi. Sababu ni kwamba katika mifumo iliyoenea, mtengenezaji wa kadi huandaa kila kitu yeye mwenyewe. Mnunuzi huchomeka kadi, hubofya mara mbili tatu, na kazi huendelea hata kama hajui tofauti kati ya chipu, kadi na programu inayoitawala. Istilahi mbovu haimdhuru, kwa kuwa haitegemei. Katika mfumo mdogo, mtengenezaji wa kadi mara nyingi hakuandaa lolote, na mnunuzi hana budi kuijua kila sehemu kwa jina lake. Hapo ndipo udhaifu wa istilahi hujitokeza.

Mfano wetu ni OpenBSD, mfumo endeshi ulioanzishwa mwaka 1995 na Theo de Raadt, huko Calgary, Kanada, baada ya kutengana na mradi wa NetBSD. Tumeuchagua kwa kuwa kurasa za mwongozo wake zinasifika kwa uangalifu, na mfasiri yeyote atakayezigeuza kwa Kiswahili atakutana na matatizo yote tunayotaka kuyajadili.

2. Kurasa zenyewe

Katika OpenBSD kila programu inayotawala aina fulani ya kadi ina ukurasa wake katika sehemu ya nne ya mwongozo. Mpangilio hufanana kutoka ukurasa hadi ukurasa: jina la programu, maelezo ya chipu inazozijua, namna za utendaji zinazowezekana, orodha ya kadi kwa majina ya kibiashara, na ujumbe wa makosa unaoweza kutokea. Mwandishi haahidi zaidi ya anachokijua. Juu ya orodha ya kadi hasemi kwamba zote zinafanya kazi. Husema kwamba zinatarajiwa kufanya kazi. Mfasiri asiyekuwa makini ataliacha neno hilo moja, na kwa kuliacha atakuwa amegeuza matarajio kuwa dhamana.

Majina ya programu hizi ni mafupi, na yana mantiki yake. *Ral* imetokana na Ralink, mtengenezaji wa chipu. *Athn* imetokana na Atheros. *Iwn*, *iwm* na *iwx* ni za vizazi mbalimbali vya kadi za Intel. Programu nyingi za kadi zinazochomekwa katika tundu la USB zimepachikwa herufi *u-* mwanzoni: *ural*, *urtwn*, *uath*, *upgt*. Msomaji wa Kiswahili atakitambua kiambishi hicho mara moja, maana kinafanya kazi inayofanana na ile ya kiambishi ngeli. Lakini *rum*, *run*, *rsu* na *zyd* nazo ni za USB, na kiambishi hazina. Ngeli za mafundi, kama zilivyo zetu, zina maneno yasiyovaa sare.

3. Jina la kasha na jina la chipu

Kosa la kwanza linalowapata wanunuzi ni kudhani kwamba jina lililoandikwa kwenye kasha ndilo jina la kitu kilichomo. Tuchukue kadi ya USB ya TP-Link iitwayo TL-WN722N, ambayo imeuzwa kwa wingi. Toleo lake la kwanza lilikuwa na chipu ya Atheros, AR9271. Toleo la pili lilikuja na chipu ya Realtek, RTL8188EU. Jina halikubadilika, ila tarakimu ndogo ya toleo. Katika OpenBSD toleo la kwanza hutawaliwa na *athn*, na la pili hutawaliwa na *urtwn*. Mtumiaji wa FreeBSD, mfumo ulio ndugu wa OpenBSD, kwa miaka mingi alikuta kwamba toleo la pili linafanya kazi na la kwanza halifanyi, kwa kuwa programu ya kutawala chipu ya AR9271 haikuwemo. Kwa hiyo ushauri mwema wa rafiki, "nunua kadi hiyo, mimi ninayo na inafanya kazi," waweza kuwa kweli kwake na uongo kwako, nanyi nyote mmeshika kitu chenye jina moja.

Mfano huo si wa pekee. Netgear waliuza kadi za jina la WG111: ya kwanza ilikuwa na chipu ya ukoo wa Prism, WG111v2 ilikuwa na chipu ya Realtek RTL8187L, WG111v3 ilikuwa na RTL8187B, na WG111T ilikuwa na chipu ya Atheros. Kadhalika D-Link DWL-G122 ya toleo B1 hutawaliwa na *ural*, na ya toleo C1 hutawaliwa na *rum*. Kwa mwenye duka hizi ni bidhaa zile zile, lakini kwa mfumo endeshi ni viumbe mbalimbali.

Ni dhahiri basi kwamba Kiswahili kinahitaji kutenganisha mambo matatu. Kuna *kadi*, yaani kifaa kizima kinachouzwa. Kuna *chipu*, yaani kipande cha silikoni kilicho ndani yake. Na kuna *toleo la bidhaa*, ambalo ndilo linaloonyesha kadi fulani ina chipu gani. Maneno haya matatu tunayo. Kinachokosekana ni nidhamu ya kuyatumia. Katika maandishi mengi mtu huandika "kifaa cha waifai" na kumaanisha mara kadi, mara chipu, mara hata kile kisanduku kinachogawa mtandao ndani ya nyumba. Neno *kifaa* ni neno zuri la jumla, lakini halifai kuwa istilahi.

Yafaa pia tukumbuke kwamba kadi yenyewe hujitambulisha kwa mfumo kwa namba. Kila kadi ya USB hubeba namba mbili za tarakimu nne nne: ya mtengenezaji na ya bidhaa. Toleo la kwanza la TL-WN722N hujitaja kuwa 0cf3 na 9271. La pili hujitaja kuwa 2357 na 010c. Namba hizi ndizo mfumo endeshi unazozisoma. Maandishi ya kwenye kasha hauyasomi. Tunapendekeza ziitwe *namba za utambulisho*, na kila mwongozo wa Kiswahili uzitaje kando ya jina la biashara.

4. Kitenzi "kuoana"

Sasa tuingie katika kiini cha uhakiki wetu. Kadi inapofaa kwa mfumo fulani, wafasiri wengi husema kwamba kadi hiyo *inaoana* na mfumo huo. Wengine husema *inapatana*, na wengine huiita *tangamanifu*. Vitenzi vyote viwili vina kiambishi cha kutendana, *-an-*, na hata mzizi wa *tangamana* umebeba maana hiyo hiyo. Maana ya kutendana ni kwamba pande mbili zinafanyiana jambo moja. Wawili wakioana, kila mmoja ametoa ridhaa yake.

Je, ndivyo hali ilivyo kati ya kadi na mfumo endeshi mdogo? Sivyo. Kwa kawaida mtengenezaji wa chipu hana habari na OpenBSD, na pengine amekataa kutoa hati zinazoeleza chipu yake inavyofanya kazi. Watu wa mfumo ndio walioketi na kuichunguza chipu hadi wakaielewa. Suala hili lilizusha ubishi mkubwa mwaka 2004, OpenBSD ilipofanya kampeni ya kuwataka watengenezaji wa chipu za mtandao bila waya watoe hati hizo na kuruhusu programu zao zisambazwe bila vikwazo. Shirika la Free Software Foundation lilimpa de Raadt tuzo yake ya mwaka 2004 kwa kuanzisha na kuongoza miradi ya OpenBSD na OpenSSH. Ndoa gani hii ambamo upande mmoja hufanya kazi yote na upande wa pili hufunga mlango?

Kitenzi cha kutendana, basi, kinaficha ukweli wa jambo. Kinamfanya msomaji adhani kwamba kufaa ni sifa iliyomo ndani ya kadi, kama rangi au uzito, hata aweze kumwuliza mwuzaji, "Je, kadi hii inaoana?" Mwuzaji atajibu "Ndiyo" bila kusema uongo, kwa kuwa hakuulizwa inaoana na nini. Hati za zabuni zilizoandikwa hivyo, kwamba kadi "iwe inayooana na kompyuta zote," hazimfungi mzabuni kwa lolote.

Tunapendekeza kitenzi cha kutendwa chenye mtenda wake: kadi *inatambuliwa na* mfumo fulani. Kauli ya kutendwa yenye *na* hudai jina baada yake, na msomaji asipoliona atauliza. Sarufi yenyewe itakuwa imefanya kazi ya ulinzi.

Hata hivyo kutambuliwa ni daraja la kwanza tu. Kadi yaweza kutambuliwa na isifanye kila linalotakiwa. Programu ya *iwm*, kwa mfano, huifanya kadi ya Intel kujiunga na mtandao uliopo, lakini haiiwezeshi kuwa kituo cha kuwagawia wengine mtandao. *Athn* ina uwezo huo. Mwalimu anayetaka kuigeuza kompyuta ya shule kuwa kituo atapotea akiambiwa tu kwamba kadi zote mbili "zinaoana." Mwongozo wa Kiswahili hauna budi kutenganisha: *inatambuliwa*, *inajiunga na mtandao*, *inaweza kuwa kituo*. Maneno haya hayana fahari ya kitaalamu, lakini kila moja lina ahadi inayoweza kuthibitishwa.

5. Msongamano wa "-endesha"

Tatizo la tatu ni la mzizi mmoja uliobebeshwa mizigo mingi. Tunasema *mfumo endeshi* au *mfumo wa uendeshaji*. Programu inayotawala kadi tunaiita *kiendeshi*, na wengine *kiendeshaji*. Chombo cha kusomea diski nacho ni *kiendeshi*. Kile kijiti cha kuhifadhia mafaili kinachochomekwa katika tundu la USB nacho huitwa *kiendeshi*. Sasa mfasiri apewe maelekezo ya kawaida kabisa ya kufunga kadi, nasi tutapata sentensi kama hii: "Ikiwa kiendeshi cha kadi hakimo katika kiendeshi, kipakue, ukiweke katika kiendeshi cha USB, kisha uanzishe upya mfumo endeshi." Sentensi hii haina kosa la sarufi. Pia haina msaada.

Asili ya msongamano huu ni kwamba kila istilahi ilifasiriwa peke yake, kila mfasiri akilitazama neno la kigeni lililokuwa mbele yake bila kuangalia majirani zake. Katika lugha ya kigeni maneno hayo yana mizizi mbalimbali, au yakiwa na mzizi mmoja mazoea ya muda mrefu yameyatenganisha. Sisi hatuna mazoea hayo bado. Kanuni inayofuata ni rahisi kuitaja na ngumu kuitekeleza: istilahi ziundwe kwa makundi, si moja moja, na kila kundi lijaribiwe ndani ya sentensi moja kabla ya kupitishwa.

Tukiitazama kazi ya programu hii tutaona kwamba haiendeshi kitu. Inasimama kati ya wawili wasiojua lugha moja. Mfumo endeshi hutoa amri kwa namna yake. Chipu huelewa namna yake yenyewe. Programu hii huchukua maneno ya huyu na kumfikishia yule. Kazi hiyo wasomaji wa jarida hili wanaijua vema kwa kuwa wengi wao wanaifanya: ni kazi ya mkalimani. Tunatoa pendekezo kwa majadiliano kwamba iitwe *programu kalimani*, na kwa ufupi *kalimani*, katika ngeli ya I/ZI: kalimani ya kadi, kalimani za USB. Neno hili linaacha *kiendeshi* libaki na diski, ambako limeshakita mizizi. Aidha linaeleza lenyewe kwa nini kadi nzima, isiyo na hitilafu yoyote, inaweza kukaa kimya ndani ya kompyuta: imekosa mkalimani.

Twajua kwamba wapo watakaosema neno *kiendeshi* limeshaenea na haifai kulisumbua. Hoja hiyo ina uzito. Lakini kuenea kwa neno ni hoja ya kulihifadhi pale linapoeleweka. Neno likieleweka kwa maana tatu katika sentensi moja, kuenea kwake ndiko kunakoongeza hasara.

6. Programu iishiyo ndani ya kadi

Kadi nyingi za siku hizi zina kompyuta ndogo ndani yake, nayo huhitaji programu yake yenyewe. Programu hii ni tofauti na kalimani. Kalimani hutekelezwa na kompyuta kubwa, ni sehemu ya mfumo endeshi, na katika OpenBSD msimbo wake uko wazi kwa kila mtu. Programu ya pili hutekelezwa ndani ya kadi, na mara nyingi mtengenezaji huitoa bila msimbo wake. Waandishi wa OpenBSD wameweka mpaka hapa: hawakubali kalimani iliyofungwa, lakini hukubali kuipelekea kadi programu ya mtengenezaji. Zile ambazo masharti ya leseni yake hayaruhusu kusambazwa pamoja na mfumo hupatikana kwa kupakuliwa baadaye kwa amri iitwayo *fw_update*.

Matokeo yake ni fumbo ambalo kila mgeni hukutana nalo. Ili kadi ya mtandao ifanye kazi inahitaji programu. Programu iko mtandaoni. Na ili kufika mtandaoni inahitajika kadi. Njia ya kutokea ni kutumia waya wa mtandao mara ya kwanza, au kuipakua programu hiyo kwa kompyuta nyingine na kuileta kwa kijiti cha USB. Ni jambo dogo kwa anayelijua. Lakini mwongozo wa Kiswahili ukiziita programu zote mbili "programu ya kadi," msomaji atasoma kwenye kioo kwamba programu ya kadi ipo, na mstari unaofuata utamwambia kwamba programu ya kadi haipo. Atadhani kompyuta imeharibika.

Istilahi iliyoanza kuenea kwa programu hii ya ndani ni *programu dhibiti*, nayo watu wengi wameshaiona katika simu zao. Kwa upande wa maana ina upungufu, kwa kuwa kalimani nayo hudhibiti, na jina halituambii programu hiyo inaishi wapi, jambo ambalo ndilo linaloitofautisha. Hata hivyo hatupendekezi iondolewe, maana haina mshindani wa maana ya pili kama ilivyo kwa *kiendeshi*. Inatosha fasili yake katika kamusi ianze na mahali: "programu inayotekelezwa ndani ya kifaa chenyewe, si ndani ya kompyuta inayokitumia."

7. Waya na upepo

Juu ya sifa ya *bila waya* tutasema machache. Wazee wa pwani walipoletewa mawasiliano yasiyopita katika nyaya waliyaita *simu ya upepo*, neno zuri lililosahaulika. Hatudai lirudishwe. Tunalitaja kwa kuwa linaonyesha namna nyingine ya kutaja kitu: kwa kile kinachokibeba badala ya kile kilichokosekana. Udhaifu wa *bila waya* ni kwamba mambo mengi hayana waya. Kadi nyingi zinazouzwa leo hubeba waifai na Bluetooth pamoja, na kasha husema tu kwamba ni ya mawasiliano bila waya. Msimbo wa Bluetooth uliondolewa katika OpenBSD mwaka 2014. Kwa hiyo kadi moja hutambuliwa kwa nusu yake na kuachwa kwa nusu nyingine. Ushauri wetu ni kwamba *bila waya* libaki kuwa sifa ya jumla, na pale panapokusudiwa waifai, iandikwe *waifai*.

8. Upungufu wa kurasa za asili

Haki inatutaka tuseme kwamba kurasa hizi za OpenBSD, pamoja na sifa zake, hazikuandikwa kwa ajili ya mnunuzi. Zinamjibu aliyekwisha shika kadi mkononi. Orodha zake zimejaa bidhaa za miaka ya 2000 ambazo mtu hawezi kuziona tena dukani, na anayetafuta kadi hana budi kuzipitia kurasa nyingi kwa kuwa jina la programu halimwambii lolote mpaka ajue jina la chipu. Mfasiri atakayezigeuza neno kwa neno atarithi upungufu huo. Kazi inayohitajika kwa Kiswahili ni kuzipanga upya: kuanza na chipu, kisha kalimani, kisha programu dhibiti kama inahitajika, kisha matoleo ya bidhaa na namba zake za utambulisho.

9. Hitimisho

Ili kuonyesha kwamba mapendekezo haya yana faida nje ya kurasa za jarida, tulinganishe sharti mbili za zabuni. Ya kwanza: "Kadi iwe ya mtandao bila waya, yenye ubora, inayooana na mfumo." Ya pili: "Kadi iwe ya waifai, yenye chipu ya AR9271, toleo la bidhaa na namba za utambulisho vitajwe, iwe inatambuliwa na kalimani *athn* ya OpenBSD, na kama inahitaji programu dhibiti, mzabuni aeleze inapatikana wapi." Sharti la kwanza likivunjwa, hakuna atakayeweza kuthibitisha. La pili likivunjwa, karani yeyote ataona.

Watumiaji wa OpenBSD ni wachache kila mahali, na hatutarajii kwamba kesho kila ofisi itaufunga mfumo huo. Lakini vifaa vyote vya kompyuta, viwe vya kupiga chapa, vya kupima au vya kuhifadhia, vina sehemu hizi hizi na vitahitaji maneno haya haya. Tunawaomba wafasiri na walimu wayajaribu mapendekezo haya katika sentensi zao wenyewe, hasa neno *kalimani*, na kuyapinga kwa mifano pale yatakaposhindwa.